Wageni wa posa wanakuja, na ninayempenda ni mwanamke mwenzangu

Shikamoo mshauri,

Naomba jina langu na mahali ninapoishi visitajwe. Nina miaka 29, ni mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alifariki nikiwa bado nasoma, na tangu hapo mama ndiye baba ndiye mama. Akiniambia jambo huwa nalifuata, si kwa woga, ni kwa sababu nilimwona alivyohangaika mpaka sote tukamaliza shule.

Nina mwenzangu ambaye hapa nitamwita D. Ni mwanamke kama mimi. Tulikutana kazini tukazoeana kama watu wanavyozoeana, hadi nikagundua kuwa siku asipofika ofisini mimi nakosea hesabu ambazo nazifanya kila siku. Sikuthubutu kusema. Yeye ndiye aliyetangulia. Huu ni mwaka wa nne tuko pamoja. Nyumbani wanamfahamu, anakuja, anakula nasi, na akiondoka mama humfungia chakula cha kwenda nacho. Wanajua ni rafiki yangu wa kazini, basi.

Sasa yamenikuta mawili kwa mpigo. La kwanza, shangazi ameleta habari za mwanamume. Sitamsingizia, ni mtu mzuri. Tumeonana kwenye shughuli za kifamilia, ana kazi yake, mpole, hana maneno mengi. Watu wake wanataka kuja kuposa mwisho wa mwezi ujao. Mama hakuniuliza kama nataka. Aliniuliza nitavaa nini.

La pili ni filamu. D. aliipata ile filamu ya Kenya inayoitwa Rafiki, ya Kena na Ziki, wasichana wawili wanaopendana huku baba zao wakigombea kiti kimoja kwenye uchaguzi. Tuliitazama usiku chumbani kwake, sauti tumeipunguza mpaka tukawa tunasoma zaidi ya kusikia. Pale wanapovamiwa na watu wa mtaani nilishindwa, nikageukia ukutani. D. hakugeuka. Ilipoisha alikuwa anafuta machozi, akaniambia, “Umemwona yule baba? Hakumkana mwanawe.” Kisha akasema hawezi tena kukaa mezani kwa mama yangu kama mgeni. Anataka nimwambie mama ukweli kabla ya wageni kufika. Hakusema ataniacha. Alisema tu kwamba siku ya posa asitegemewe kuja kusaidia jikoni.

Mama ana presha. Shangazi naye aliwahi kusema mbele yetu, akimzungumzia binti wa watu, kwamba mambo hayo ni ugonjwa, na usipokuwa ugonjwa ni mapepo. Mama alinyamaza. Sijui kunyamaza kule kulikuwa na maana gani.

Kuna pia mdogo wangu wa kike. Yeye anajua. Alichukua simu yangu siku moja apige, akakuta ujumbe wa D. Alinirudishia akaniambia, “Dada, badilisha namba ya siri,” akatoka. Hajalitaja tena. Lakini kila nikiulizwa nitaolewa lini, yeye ndiye anayejibu haraka, mara anatania, mara anageuza mazungumzo. Namwonea huruma.

Jana usiku mama alikuwa anakunja nguo, mimi nampokea na kupanga. Akasema bila kuniangalia, “Mimi sitaki kingine. Nataka tu nikiondoka duniani usibaki peke yako.” Nilishindwa kumjibu, maana siko peke yangu.

Siku nyingine nawaza niolewe tu, nizae, mama afurahi, mengine yatajulikana mbele. Siku nyingine nawaza nimwage yote usiku mmoja nipumzike. Nikimwambia, si nitamwua? Na nikinyamaza, D. nitamwangalia na uso gani? Nisaidie mama yangu, sina wa kumwuliza.

Mimi binti yako.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, na kila mara nilisimama pale mama anapokunja nguo. Nitapafikia.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Unampenda mwanamke mwenzako na mmeishi na pendo hilo kwa miaka, likiwa wazi kwenu na limefichika kwa wengine. Familia imekuletea mchumba unayemheshimu. D. amechoka kufichwa na anataka neno litoke kabla ya posa. Wewe unaona milango miwili tu, kuolewa au kusema kila kitu, na kila mlango unaona nyuma yake kuna mtu anaumia. Nikikosea popote nisahihishe.

Tuanzie kwenye filamu, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto. Ulipogeukia ukutani, uliona watu wakiwapiga wale wasichana hata bila kuwatazama. D. alipobaki ameangalia, alichoondoka nacho ni yule baba. Mlikaa kitanda kimoja mkatazama filamu mbili, na nina wasiwasi kuwa tangu usiku ule mnabishana kama watu walioona kitu kimoja. Kabla hamjazungumza tena habari za mama, mwulize D. akueleze ni wapi hasa palimgusa. Na wewe mwambie kwa nini uligeuka. Inawezekana hajui kwamba uliogopa kiasi hicho. Inawezekana anadhani unamwonea aibu.

Kisha muikumbuke filamu nzima. Baba yake Kena alisimama na mwanawe, ni kweli. Lakini mama yake Kena hakuweza, na Wanuri Kahiu, aliyeiongoza, hakumchora kama mtu mbaya. Ni mwanamke aliyeachwa na mume, mume akaoa mwingine anayetarajia mtoto, na yeye amebaki na binti mmoja na macho ya majirani. Anampeleka binti kanisani akaombewe. Ukimtazama kwa makini utaona anaogopa kuambiwa kwamba hili nalo ni kosa lake. Ziki naye wazazi wake wanamsafirisha London. Kwa hiyo ndani ya filamu moja mna wazazi wanaojibu kwa namna zinazotofautiana kabisa, na hakuna aliyejua mapema nani atajibu vipi. D. amechukua jibu la mzazi mmoja akalitarajia kwa mama yako. Wewe umechukua kipigo cha mtaani ukakiweka sebuleni kwenu. Nyote wawili mna haki ya kuhisi mnavyohisi, lakini mama yako hajafungua mdomo bado.

Jambo jingine. Mwishoni filamu inaruka miaka. Tunamkuta Kena ameshakuwa daktari na Ziki amerudi. Huenda umesikia kwamba mwaka 2018, filamu ilipopigwa marufuku Kenya, mwisho huo ndio uliokuwa kiini cha ugomvi. Kahiu alieleza kuwa bodi ya filamu ilimtaka aubadilishe kwa sababu uliacha matumaini, naye akakataa. Filamu ikaenda Cannes, tamasha kubwa la filamu huko Ufaransa, ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha lile, na mwezi Septemba mwaka huohuo mahakama ikaruhusu ionyeshwe nyumbani kwa siku 7 tu, na kumbi zikajaa. Nafurahi kwamba hakuubadilisha. Ila kwako wewe, binti yangu, miaka ile iliyorukwa ndiyo unayoniuliza. Kena aliishije na mama yake ndani ya nyumba moja? Nani alianza kuzungumza? Walikula meza moja lini tena? Hatuonyeshwi. Filamu ina saa moja na nusu hivi, wewe una maisha mazima, kwa hiyo hulazimiki kuyamaliza usiku mmoja kama ulivyoandika.

Sasa mama. Unauliza kama utamwua. Mimi si daktari, na presha si ya kufanyia mzaha. Lakini kuna maswali ambayo unaweza kuyapatia majibu wiki hii: anakunywa dawa zake kila siku? Anahudhuria kliniki? Vipimo vya karibuni vilisemaje? Mtu mwenye presha inayodhibitiwa hupokea habari za misiba, za madeni, za watoto kufukuzwa kazi, na huzipokea. Sikuahidi kwamba hatashtuka. Nakuuliza tu kama presha ndiyo inayokuzuia, au presha ndiyo sababu iliyo rahisi kutamka. Ukikuta ni presha kweli, basi itakusaidia kuchagua wakati, mahali na mtu wa kuwa karibu. Ukikuta kuna hofu nyingine nyuma yake, hiyo nayo ina jina lake, litafute.

Na maneno yake ya jana usiku, “usibaki peke yako.” Sitaki kukupa tumaini ambalo si langu kulitoa. Mama anaweza kuwa anasema jambo moja tu, olewa. Mama pia anaweza kuwa anajua zaidi ya unavyodhani. Mwanamke anayemfungia mtu chakula kwa miaka, akamwona anavyokuangalia na wewe unavyomsindikiza, si kipofu. Wapo wazazi wanaojua na wanaomba wasiambiwe, kwa sababu kuambiwa kutawalazimisha kuchukua msimamo mbele ya ndugu. Mama yako ana shangazi yako wa kumjibu, kama ulivyo na mama yako wa kumjibu. Kuna filamu nyingine ya mwaka 2004, Saving Face ya Alice Wu, ambamo binti ni daktari wa upasuaji anayemficha mama yake mpenzi wake wa kike, na kumbe mama naye, mjane wa miaka 48, ana mimba ambayo hataki kuitaja ni ya nani. Kila mmoja anaogopa watu walewale. Niliikumbuka niliposoma kwamba mama yako alinyamaza shangazi alipoongea. Hujui kunyamaza kule kulikuwa na maana gani, na mimi sijui. Lakini usiharakishe kuhesabu kunyamaza huko kama kukubaliana.

Kuhusu maneno ya shangazi yenyewe, ya ugonjwa na mapepo, nitasema kwa ufupi kwa sababu usije ukalala nayo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Ulikuwa hata hujazaliwa. Hakuna dawa kwa sababu hakuna maradhi. Mambo ya imani sitakuingilia, unaye Mungu wako na mnaongea, ila ukiona watu wanataka kukufungia mahali wakuombee kwa nguvu, hiyo ni hatari na uondoke.

Nilitaka pia tumzungumzie mtu ambaye barua yako imempitia haraka, yule bwana. Umesema ni mpole na ni mtu mzuri. Ukimkubali, ataingia kwenye ndoa akiamini umemchagua. Wapo wanawake walioolewa namna hiyo na wakaishi kwa utulivu fulani. Wapo walioniandikia baada ya watoto wawili, hawawezi kulala chumba kimoja na mume na hawawezi kumweleza kwa nini, na mume anajilaumu usiku na mchana kwamba ana kasoro gani. Unaposema “mengine yatajulikana mbele,” jiulize yatajulikana na nani, na D. atakuwa wapi siku hiyo. Sikukatazi. Nataka uione ndoa hiyo ikiwa na watu ndani yake, na kitanda, na Jumatatu asubuhi, siyo siku ya sherehe na furaha ya mama peke yake.

Ile milango miwili sasa. Binti yangu, mbona umeiruka mingine? Kukataa posa ni jambo moja. Kumwambia mama unampenda nani ni jambo jingine. Umeyafunga pamoja kwa sababu D. aliyafunga pamoja usiku ule, na kwa sababu tarehe imekaribia. Mwanamke wa miaka 29 anaweza kumwambia mama yake, “Mama, yule bwana namheshimu lakini sitaolewa naye, naomba uwaambie wasije,” akaishia hapo. Ataulizwa sababu, tena kwa wiki nzima. Shangazi atakasirika, na huenda akatafuta mwingine, kwa hiyo usidhani ni njia isiyo na gharama. Itakununulia muda, na D. anaweza kuona ni kukwepa. Lakini ukikataa mapema, wale watu hawatafedheheka mlangoni kwenu, na mama hatalazimika kuwarudisha mbele ya ndugu. Ukisubiri mpaka wameketi, kila mtu atakuwa na cha kulinda.

Ukiona unataka kusema yote, au hata nusu, tuanze na usalama, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Hukutaja unapoishi na sitaki utaje. Sheria hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Kenya yenyewe, ilikotoka filamu yenu, Mahakama Kuu ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kufuta vifungu vya sheria ya jinai vinavyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Kwingine adhabu ni kubwa zaidi, kwingine hakuna kabisa. Jua za kwenu zinasemaje. Kisha jiulize: mambo yakiharibika usiku huohuo, nitalala wapi? Vitambulisho na vyeti vyangu viko wapi? Nina akiba ya kunivusha miezi michache? Nani kazini anaweza kuambiwa na ndugu aliyekasirika, na itamfikaje D.? Siri hii ni ya watu wawili, hivyo hata D. anayetaka isemwe anapaswa kukaa chini na wewe kuhesabu hayo. Kama majibu yanatisha, kusubiri hakukufanyi mwoga wala mwongo.

Kama majibu yanatuliza, bado kuna namna ya kusema. Kuna jambo moja la kujaribu ambalo halina hatari. Filamu ile ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, mwaka 2007, na hadithi yenyewe ameiandika kama barua, msichana aliyebaki akimwandikia aliyepelekwa mbali. Mwandikie mama barua ambayo hutampa. Usiipambe. Uone sentensi ipi inakuja kwanza. Kama inaanza na “nisamehe,” basi ukimkabili mama utakuwa mshtakiwa anayejitetea, na mazungumzo yatakwenda hivyo. Kama inaanza na D., alivyokuuguza ulipoumwa au anavyokuchekesha, utakuwa unamjulisha mtu, na mama anaweza kumsikiliza binti yake badala ya kusikiliza kesi. Ukimaliza ichane, na ujumbe wowote wa namna hiyo usiuache kwenye simu. Mdogo wako alishakuonya.

D. naye nimemsikia, ingawa ameongea kupitia kwako. Miaka kuketi mezani kama mgeni wa kazini, kupewa chakula cha kufungwa na kuagwa mlangoni, kunachosha mtu. Anapokataa kuja kupika siku ya posa hakutishi. Anakwambia kipi kitamvunja. Lakini je, anachokihitaji ni mama aambiwe, au ni kujua kwamba hutaolewa? Haya si mamoja. Inawezekana neno lako thabiti kwake kuhusu yule bwana likampunguzia haraka ya mengine. Inawezekana lisitoshe, na hapo mtakuwa na mazungumzo magumu ya aina nyingine, ya mmoja anayeweza kusubiri na mwingine asiyeweza. Sitajifanya najua yataishia wapi.

Sikukwambia mwambie mama, wala sikukwambia usimwambie. Wewe ndiye unayeijua sauti ya mama yako akiwa na hasira na akiwa na hofu, mimi ninayo barua tu. Lakini kuna mtu mmoja ambaye unaweza kuanza naye hata leo, na anajua tayari. Mdogo wako amebeba siri yako bila kuombwa, na kila shangazi anapouliza yeye ndiye anayeruka mbele. Hajui kama anafanya vizuri. Hajui kama unajua anachofanya. Mtoe nje mkatembee kidogo, umshukuru, umwambie halazimiki kukujibia. Mwache aulize anachotaka. Na yeye pia anamfahamu mama, tena amekaa naye nyumbani muda ambao wewe uko kazini, kwa hiyo mwulize anaonaje. Ukishazungumza naye, niandikie tena kabla ya mwisho wa mwezi.